Mirugi Kariuki: Wakili wa Nakuru na Mapambano ya Kuiwajibisha Dola

Utangulizi

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Katika Kenya ya miaka ya 1980, wasia huu ulikuwa zaidi ya methali ya kupambia mazungumzo. Ulikuwa kanuni ya kuishi. Mwenye nguvu alikuwa dola, na raia aliyetaka kulala usingizi nyumbani kwake alitarajiwa kuipisha njia. Miongoni mwa waliokataa kuipisha ni Mirugi Kariuki, wakili wa mjini Nakuru, ambaye kwa nyakati tofauti alikuwa mtetezi wa washtakiwa, mfungwa wa kisiasa, mshtakiwa wa kosa la uhaini, mbunge, na hatimaye Waziri Msaidizi katika wizara iliyosimamia usalama wa taifa. Alifariki tarehe 10 Aprili 2006 katika ajali ya ndege huko Marsabit.

Maisha ya watu wa namna hii aghalabu husimuliwa kama orodha ya mateso inayofuatwa na orodha ya vyeo. Usimulizi huo haumtendei haki Mirugi. Kilichomtofautisha ni msimamo mmoja ulioonekana wa ajabu kwa wengi wakati huo: kwamba mahakama, hata zilipokuwa zimetishwa na watawala, hazikupaswa kuachwa mikononi mwao. Wapo walioona kwamba kuishtaki serikali mbele ya majaji ambao serikali hiyo hiyo iliwateua ni kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani. Mirugi aliipeleka kesi hiyo hata hivyo, tena na tena, mara nyingine akiwa wakili na mara nyingine akiwa yeye mwenyewe ndiye mshtakiwa.

Nakuru na Siasa za Wakati Wake

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya 20, ukakua kati ya Ziwa Nakuru na mlima Menengai, ukizungukwa na mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru mwaka 1963, mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi, Ngwataniro ikiwa miongoni mwa zilizovuma zaidi. Watu wa jamii mbalimbali walihamia humo wakiwa na hisa, risiti na matumaini. Tangu hapo ardhi ikawa kiini cha siasa ya Bonde la Ufa, na jina la jamii ya mtu likawa na uzito ambao hati ya kumiliki shamba haikuweza kuushinda siku ya machafuko.

Mji huu vilevile ulikuwa karibu mno na mamlaka. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Ulikuwa na Ikulu ambamo Rais Jomo Kenyatta alipenda kukaa. Na Kabarak, nyumbani kwa Rais Daniel arap Moi, hakuko mbali. Wakili aliyefungua ofisi Nakuru na kukubali kuwatetea wapinzani wa serikali alikuwa akiifanya kazi hiyo karibu na ua wa mtawala. Jambo hilo lilihitaji ujasiri wa aina yake, kwa kuwa katika mji wa mkoani kila mtu humjua wakili, hujua mlango wa ofisi yake na hujua ni nani anayeingia humo.

Sheria nayo ilikuwa ikipindwa mwaka baada ya mwaka. Mnamo Juni 1982 katiba ilirekebishwa ili Kenya iwe nchi ya chama kimoja, KANU. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo huo likaipa serikali kisingizio cha kukaza kamba zaidi. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria alipoteza ulinzi wa kikatiba wa wadhifa wake, na mwaka 1988 majaji nao wakapokonywa ulinzi wao. Jaji aliyetoa hukumu isiyopendeza angeweza kuondolewa kazini bila hoja kubwa. Ulinzi wa majaji ulirejeshwa mwaka 1990, lakini hofu haikurejeshwa ilikotoka kwa urahisi huo.

Kizuizini

Mwaka 1986 serikali ilianzisha msako dhidi ya Mwakenya, kundi la siri lililodaiwa kupanga kuipindua. Wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu, wanahabari, wakulima na mawakili walikamatwa. Wengi walifikishwa mahakamani jijini Nairobi baada ya kushikiliwa kwa siku au majuma kadhaa, bila mawakili, wakakiri makosa na kufungwa katika kesi zilizomalizika kwa muda mfupi mno. Waliokataa kukiri, au ambao ushahidi dhidi yao haukuweza kuletwa mbele ya hakimu, waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, chini ya sheria ya kulinda usalama wa umma.

Mirugi alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Mahali palipotumiwa kuwahoji watu hawa palikuwa Nyayo House, jengo refu la ofisi za serikali katikati ya Nairobi. Humo ndani maafisa walihoji katika vyumba vya juu na kuwafungia mahabusu katika seli za chini ya ardhi. Wananchi walifika katika jengo hilo kutafuta pasipoti na huduma nyingine, pasipo kujua kilichokuwa kikitendeka chini ya miguu yao. Mahabusu walivuliwa nguo, wakapigwa, wakanyimwa chakula na kufungiwa katika seli zilizomiminwa maji.

Mapema mwaka 1987, kupitia kwa wakili Gibson Kamau Kuria, watu watatu waliokuwa wamezuiliwa walitoa ilani ya kuishtaki serikali kwa kuwatesa. Watatu hao walikuwa Mirugi Kariuki, wakili Wanyiri Kihoro na Mukaru Ng'ang'a aliyewahi kuwa mhadhiri. Hatua hii inahitaji kutafakariwa. Hawa walikuwa bado mikononi mwa waliowatesa. Hawakuwa na chombo cha habari cha kuwasemea wala chama cha upinzani cha kuwatetea. Silaha waliyoishika ni utaratibu wa kawaida wa kimahakama, ule ule unaotumiwa na mtu anayedai fidia baada ya kugongwa na gari. Kwa kuutumia, waliilazimisha serikali ama ijibu madai yao kama mdaiwa mwingine yeyote, au ioneshe hadharani kwamba haiwezi kujibu.

Serikali ilichagua njia ya pili. Mnamo Februari 1987 Kuria mwenyewe alikamatwa na kuwekwa kizuizini, akakaa humo hadi Desemba. Wakili aliyekwenda kuwatoa wenzake shimoni akatumbukizwa shimoni. Hata hivyo, lengo la kesi lilikuwa limekwisha kutimia kwa kiasi fulani: mateso ya Nyayo House yalikuwa yameandikwa katika nyaraka za kisheria, yakiwa na majina na tarehe, na habari zake zikaenea hadi nje ya nchi.

Uhaini na Kesi ya Wakili Mgeni

Mirugi alipoachiliwa aliirudia kazi yake. Mwaka 1990 ulikuwa mwaka wa misukosuko. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa mwezi Februari. Mwezi Julai maandamano ya Saba Saba yalizimwa kwa nguvu, na mawakili kadhaa, akiwemo Gitobu Imanyara, wakatiwa kizuizini. Mnamo Oktoba Mirugi alikamatwa tena. Safari hii alishtakiwa pamoja na wakili Rumba Kinuthia, Koigi wa Wamwere na wengine kwa kosa la uhaini. Koigi alikuwa amewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, kisha akaishi uhamishoni nchini Norwei. Balozi wa Norwei alipojihusisha na kesi hiyo, serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na nchi yake mwezi huo huo.

Adhabu ya uhaini ni kifo. Hapakuwa na nafasi ya kubahatisha, na Mirugi aliomba kutetewa na wakili kutoka nje ya nchi. Sheria ya Mawakili ilimpa Mkuu wa Sheria hiari ya kumruhusu wakili mgeni kushughulikia kesi mahususi. Mkuu wa Sheria alikataa. Hapa ndipo mshtakiwa alipogeuka tena kuwa mwanasheria. Aliomba Mahakama Kuu iuchunguze uamuzi huo. Aliposhindwa, alikata rufaa.

Swali lililofikishwa mbele ya Mahakama ya Rufani linaweza kuonekana dogo, la ruhusa ya wakili mmoja. Undani wake ulikuwa mkubwa. Ikiwa sheria inampa afisa wa serikali hiari isiyowekewa mipaka, je, mahakama inaweza kumuuliza ameitumiaje? Ikumbukwe kwamba mwaka 1989 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba kifungu cha katiba kilichowawezesha raia kudai haki zao za kimsingi hakiwezi kutumika, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Kwa maneno mengine, haki ziliandikwa katika katiba, lakini mlango wa kuziendea ulifungwa, na ufunguo ukaachwa mikononi mwa aliyepaswa kuutoa.

Katika hali hiyo, uamuzi wa mwaka 1992 katika rufaa ya Mirugi Kariuki dhidi ya Mkuu wa Sheria ulikuwa hatua ya maana. Mahakama ya Rufani iliikubali rufaa yake. Ilieleza kwamba jambo la msingi si upana wa hiari aliyopewa afisa wala ukubwa wa cheo chake. La msingi ni iwapo matumizi ya hiari hiyo yamegusa haki au maslahi ya kisheria ya mtu. Yakigusa, mahakama ina mamlaka ya kuyachunguza. Mtu aliyekuwa gerezani akikabiliwa na kitanzi aliisaidia sheria ya Kenya kusema kwamba hakuna afisa aliye juu ya kuulizwa. Mawakili na majaji wameendelea kuirejelea kesi hiyo wanapojadili mipaka ya mamlaka ya maafisa wa serikali.

Wakati huo shinikizo lilikuwa likiongezeka nje ya mahakama. Kifungu kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa Desemba 1991. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Polisi waliwapiga na kuwatawanya, nao wakahamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kuendelea kudai watoto wao. Mnamo Januari 1993 serikali iliiondoa kesi ya uhaini, na Mirugi na wenzake wakaachiliwa. Walikuwa wamekaa rumande zaidi ya miaka miwili bila hukumu yoyote.

Burnt Forest na Bahati

Uhuru huo haukuwa na mapumziko. Tangu Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalikuwa yakiteketeza sehemu za Bonde la Ufa: Molo, Olenguruone, Londiani, Burnt Forest na kwingineko. Maelfu ya familia zilifukuzwa kutoka mashambani, zikajihifadhi makanisani na katika vituo vya biashara. Mnamo Septemba 1993 serikali ilitangaza baadhi ya maeneo hayo kuwa ya operesheni za usalama na kuwazuia watu wa nje kuingia. Mwezi huo huo Mirugi na Koigi walikamatwa huko Burnt Forest, wakafunguliwa mashtaka. Kwa mara nyingine wakili alijikuta upande wa pili wa kizimba, kwa kosa la kwenda mahali ambapo serikali haikutaka paonekane.

Mnamo Novemba 1993 Koigi alikamatwa tena, akidaiwa kushiriki katika uvamizi wa kituo cha polisi cha Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Shtaka lilikuwa wizi wa kutumia nguvu, ambalo adhabu yake pia ni kifo. Kesi ilisikilizwa mjini Nakuru katika miaka ya 1994 na 1995, na Mirugi alikuwa katika safu ya utetezi. Watazamaji wa kimataifa walifika kuisikiliza, na mji wa mkoani ukawa uwanja ambamo utawala wa sheria wa Kenya ulipimwa mbele ya dunia. Mnamo Oktoba 1995 Koigi na wenzake wawili walihukumiwa kifungo cha miaka minne na viboko.

Utetezi haukuwaletea uhuru, lakini si haki kuuita wa bure. Kesi iliyotarajiwa na wengi kuishia kwenye kitanzi haikuishia huko. Zaidi ya hayo, kila hoja iliyotolewa, kila shahidi aliyehojiwa na kila pingamizi lililokataliwa liliingia katika kumbukumbu za mahakama. Kwa wakili wa aina ya Mirugi, kumbukumbu hiyo ilikuwa sehemu ya ushindi. Serikali iliweza kushinda kesi; haikuweza kuzuia namna ilivyoshinda isijulikane.

Mwaka 1997, kufuatia makubaliano ya wabunge wa vyama mbalimbali, vifungu vya sheria kuhusu uchochezi na kuwazuilia watu bila kuwashtaki viliondolewa. Sheria zilizowafunga watu wa kizazi cha Mirugi zikawa historia.

Bungeni na Serikalini

Katika uchaguzi wa Desemba 27, 2002, muungano wa NARC ulioongozwa na Mwai Kibaki uliiondoa KANU madarakani. Mirugi alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mjini. Koigi naye alichaguliwa katika eneo jirani la Subukia. Mnamo Februari 2003 serikali mpya ilizifungua seli za Nyayo House ili wananchi wazione, na waliowahi kufungiwa humo wakaingia kwa miguu yao na kutoka kwa miguu yao.

Baadaye Mirugi alifanywa Waziri Msaidizi katika Ofisi ya Rais, akishughulikia utawala wa mikoa na usalama wa taifa. Yaani mtu aliyezuiliwa kwa jina la usalama wa taifa alikuwa sasa miongoni mwa waliousimamia. Polisi na maafisa wa utawala walikuwa chini ya wizara yake. Wapo wanaouona mpinduko huu kuwa haki ya kihistoria. Ni kweli, lakini ukweli huo haujakamilika.

Dola haibadiliki tabia kwa sababu tu watu waliokuwa wakiteswa nayo wamekaa katika ofisi zake. Mnamo Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za kampuni ya magazeti ya The Standard na kituo cha televisheni cha KTN jijini Nairobi, wakazima matangazo na kuchoma magazeti. Waziri wa Usalama, John Michuki, alikitetea kitendo hicho hadharani. Mirugi alikuwa Waziri Msaidizi katika wizara hiyo. Tukio hili halifuti hata siku moja kati ya siku alizokaa kizuizini. Linaonesha tu ugumu wa kazi aliyoirithi: anayeidai dola uwajibikaji akiwa nje husimama mbele yake, lakini akiwa ndani husimama pamoja nayo, na hubeba sehemu ya mzigo wa matendo yake, ayapende asiyapende. Kanuni iliyothibitishwa na rufaa yake ya mwaka 1992 iliihusu serikali aliyoitumikia sawasawa na ilivyoihusu serikali iliyomtesa.

Safari ya Marsabit

Mnamo Julai 2005 wavamizi waliishambulia Turbi, kaskazini mwa Kenya, wakaua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule. Uhasama kati ya Wagabra na Waborana ukafikia kiwango cha kutisha. Tarehe 10 Aprili 2006 ujumbe wa amani uliondoka Nairobi kwa ndege ya jeshi aina ya Y-12 kuelekea Marsabit. Ndani yake walikuwamo viongozi kutoka pande zilizohasimiana: Bonaya Godana, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura, Guracha Galgallo na wengine. Mirugi aliiwakilisha wizara yake. Ndege ilianguka ilipokaribia Marsabit. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 14 walikufa, Mirugi akiwa mmoja wao.

Nakuru ilimpoteza mbunge, na kaskazini ikapoteza takriban safu nzima ya viongozi wake kwa siku moja. Katika uchaguzi mdogo wa Julai 2006, mwanawe, William Kariuki Mirugi, alichaguliwa kukijaza kiti cha babake hadi uchaguzi mkuu uliofuata. Kisha, Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliifikia Nakuru yenyewe. Mji ambao mbunge wake alikufa akienda kuwapatanisha watu wa mbali ulijikuta ukihitaji upatanisho huo huo.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtu haki ya kutendewa uadilifu katika maamuzi ya kiutawala na haki ya kupewa sababu za maandishi pale ambapo uamuzi unamwathiri vibaya. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliwapa fidia waathiriwa 21 wa mateso ya Nyayo House. Madai ambayo mwaka 1987 yalimfanya wakili wao kufungwa yalisikilizwa na kukubaliwa na mahakama za nchi ile ile. Mirugi hakuishi kuyaona mambo haya mawili, ingawa yote mawili yalipita katika njia aliyoshiriki kuichonga.

Wanasiasa wengi hukumbukwa kwa barabara zilizoitwa majina yao. Jina la Mirugi limebaki katika vitabu vya sheria, likitanguliwa na namba na kufuatwa na jina la cheo cha mtu aliyemshtaki. Mwanafunzi wa sheria anayelikuta humo huenda asijue kwamba mlalamikaji alikuwa mahabusu, wala kwamba baadaye alikuwa waziri msaidizi. Analokuta ni kanuni: mwenye nguvu naye huulizwa. Kanuni hiyo bado inahitaji watu wa kuipeleka mahakamani, hasa wakati ambapo kufanya hivyo kunaonekana kuwa kazi bure.